Sindano Anaanzia Nne

Mama yangu mdogo ni fundi wa nguo, na mdomo wake unakimbia kuliko cherehani. Ana mtoto mmoja tu, wa miaka minne, mwembamba hivi kwamba mtaa mzima unamwita Sindano. Mimi naishi nao, napiga pasi na kukata nyuzi. Shule niliachia darasa la tatu, kwa hiyo mambo ya kufundisha nilimwachia mwenye mtoto.

Alimfundisha hapo hapo kazini. Sindano alikaa chini ya meza ya kukatia, tepu ya kupimia shingoni kama yeye ndiye fundi, anagusa namba moja moja kwa kidole na kuzitaja. Mama yake alikuwa anashona huku anaitikia, "Ehee! Ehee!" bila kugeuza shingo. Mwezi mzima hivyo. Ndipo tukasikia chekechea ya mtaa wa juu imebakiza nafasi moja, na Mwalimu ataitoa Jumatatu kwa mtoto atakayehesabu vitu mpaka kumi. Akishindwa, mpaka mwakani.

"Kumi tu? Wangu anavuka ishirini! Kinyozi, hebu njoo usikie!"

Kinyozi tunapakana naye ukuta. Alikuja na mashine mkononi, mteja kamwacha kichwa nusu. Mama mdogo akamwaga vifungo vitano mezani.

"Hesabu, mwanangu."

Sindano akagusa cha kwanza. "Nne." Cha pili. "Tano." Akaenda hivyo mpaka cha mwisho, akatoa kifua mbele. "Nane!"

Kinyozi alicheka mpaka akashikilia mlango. "Fundi, vifungo vyako vinazaa!"

"Wewe, moja iko wapi?" mama mdogo akauliza.

"Ilikatika, mama." Na akamwonyesha tepu.

Nikaziba mdomo. Tepu ile ilichakaa ncha zamani, mama mdogo akaikata kwenye tatu. Namba ya kwanza unayoiona ni nne. Yeye ameshaizoea: akisoma thelathini, kichwani anatoa tatu, anaandika ishirini na saba, na nguo inakaa mwilini sawasawa. Habari za kutoa Sindano hakuambiwa. Kwake yeye moja, mbili na tatu ni vitu vilivyoharibika.

Hiyo ilikuwa Ijumaa mchana. Mama mdogo akatoka mbio, akarudi na tepu mpya inayonuka plastiki. Sindano akaisukuma. "Hii siyo ya kazi." Akaimbishwa moja, mbili, tatu, akaimba vizuri kabisa, lakini akipewa vifungo, nne! Mama yake akapandisha sauti. Mtoto akaingia kwenye rundo la vitambaa, akajifunika gubigubi.

Mama mdogo akaitazama tepu iliyokatika, akaitazama cherehani. Kisha akaninong'oneza, "Ficha tepu zote mbili." Akaita, "Fundi mdogo! Njoo ukanyage."

Pedeli ya cherehani Sindano alikuwa haruhusiwi hata kuigusa. Alichomoka na kitambaa bado kichwani. Sheria ikawa hii: weka kifungo bakulini, taja namba, kanyaga mara moja. Ukikosea, cherehani inalala.

"Nne!" akasema Sindano.

Mama mdogo akalaza kichwa juu ya mashine, akakoroma.

"Mama! Amka!"

"Silali mimi, imelala cherehani. Inaamkaga kwa moja."

"Moja!" Tra! Gurudumu likazunguka, na Sindano akapiga ukelele kama amewasha gari. "Mbili!" Tra!

Jumamosi nguo za watu zilichelewa. Tulihesabu vifungo, pini, hata viatu vya wateja mlangoni. Jumapili, Sindano alipofika sita, Kinyozi akapiga kelele upande wa pili wa ukuta, "Inafuata sita!"

"Saba, mjomba! Usinichanganye!"

Jumatatu Mwalimu, mama mfupi mwenye miwani juu ya paji, alimwaga vizibo kumi sakafuni. "Haya binti, hesabu."

Sindano akavitazama. Akavitazama tena. Mama mdogo alinishika mkono, kucha zikaingia nyamani. Kidole kikashuka.

"Moja."

Nilisikia mama mdogo akivuta pumzi, na sidhani kama aliiachia kabla ya kumi.

"Nani kakufundisha?" Mwalimu akauliza, anaandika jina.

"Mama. Lakini analala sana."

Mama mdogo alicheka, akalia, akamkumbatia Mwalimu na kalamu yake. Sindano hakungoja. Aliona watoto wenzake wamekaa mkekani, akavua ndala, akaenda kujibana katikati yao bila hata kuaga.

Tukabaki dirishani, mama mdogo kasimama kwa vidole vya miguu.

"Mama mdogo, wateja wanasubiri."

"Wasubiri. Ona, ona! Kanyoosha mkono!"