Lori Lililokataa Lumbesa

Misa ya arobaini ya mke wangu ilipokwisha, watu walikula, wakanawa, na wengi wakaaga. Tuliobaki uani kwangu Chanji, mjini Sumbawanga, tulikuwa watatu: mimi, mama mkwe, na kaka wa marehemu. Lori lilikuwa limeegeshwa mbele yetu, na shemeji aliongea huku akiliangalia lenyewe, si mimi.

"Shemeji, tuambiane ukweli. Hili gari linakula kuliko linavyoleta. Dizeli ya sasa si ya kuchezea. Liuzwe wakati bado linatembea."

Hayakuwa maneno ya chuki. Lori tulilinunua mimi na mke wangu, lakini ng'ombe wa mama mkwe waliuzwa kujazia, kwa hiyo walikuwa na haki ya kusema. Mimi sina maneno mengi, na siku hizo nilikuwa nayo machache zaidi. Nikamwambia mama, "Naomba msimu huu wa mahindi. Ukiisha na gari haliwezi kujilisha, nitamkabidhi shemeji funguo mwenyewe."

Mama akasema, "Msimu mmoja, baba. Sitaongeza."

Sitadanganya kwamba nilikuwa nafikiria biashara. Mke wangu alikuwa akisafiri nami, akinunua dagaa kule ziwani Kasanga na kuwauza njiani, na ndani ya ile kabini ndimo tulimozungumza mambo yetu yote, kuanzia ada za watoto mpaka ugonjwa wake. Nyumbani alikuwa mtu wa kazi. Garini alikuwa mtu wa kucheka. Kuliuza kungekuwa kama kumzika mara ya pili. Hayo sikuwaambia.

Msimu ulianza vibaya. Kila bei mpya ya mafuta ilipotangazwa, madereva tulikusanyika pale sheli tukiwa ndani ya makoti, maana baridi ya Ufipa mwezi wa sita haina mchezo, tukapeana mbinu. Mmoja aliendesha taratibu mpaka baiskeli zikampita. Mwingine aliachia gia kwenye miteremko ili lori liteleze lenyewe.

"Mteremko ni zawadi ya Mungu, kaka," aliniambia.

Nikamjibu kwamba nimeona zawadi hiyo ilivyowapeleka wenzetu korongoni. Mimi nilisafisha chujio, nikajaza upepo matairi, nikazima injini wakati wa kupakia. Ilisaidia, lakini kidogo. Bado nilirudi nyumbani mikono mitupu.

Kilichonifungua macho ni saruji. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, Mwislamu aliyekuja kukaa nasi msibani mpaka tulipozika, alinipa mzigo wa kupeleka Matai. Nilipomshukuru akaniangalia usoni.

"Usidhani nakuhurumia," akasema. "Wenzako wananipasulia mifuko."

Nikapeleka tani kumi za saruji Matai, nikashusha, nikasogea kijiji cha mbele kupakia magunia mia ya mahindi ya kurudi nayo. Magunia mia ya kilo mia ni tani kumi zilezile. Lakini mshale wa mafuta ulishuka kwa namna nyingine kabisa, na kila kilima injini ililia. Nililaumu barabara, kwa kuwa kurudi mjini kuna kupanda. Nikalaumu pampu. Mwishowe nikawaomba watu wa ghala wanipimie magunia machache kabla ya kushusha. Halikuwapo hata moja la kilo mia. Yote yalizidi, mengine kwa kilo thelathini.

Kwetu gunia halishonwi likijaa. Likijaa ndipo linaanza kujazwa: mdomo unaongezewa kipande cha gunia jingine, mahindi yanamiminwa, kamba inapitishwa, linaota kichwa kama mtu aliyevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Kila mwaka tunaambiwa imekatazwa, na kila mwaka inashonwa. Mkulima analipwa kwa gunia, mwenye lori analipwa kwa gunia, na kile kichwa kinakwenda bure. Upande wa mkulima nilikuwa naujua siku zote. Upande wangu sikuwahi kuufikiria, kwa sababu sisi madereva tulikuwa tunaona fahari. Lori lenye lumbesa hadi juu likiingia mjini, watu wanageuka kuliangalia. Mke wangu alikuwa akisema ninaendesha kanisa lenye mnara. Kumbe nilikuwa nachoma dizeli yangu kubeba vichwa vya watu wengine, na kujisifu juu yake.

Safari iliyofuata nilisimama kijijini mbele ya mnunuzi wa mahindi, mtu wa mjini mwenye simu mbili, nikamwambia sipakii lumbesa. Yafunguliwe yashonwe tambarare, au nilipwe kwa kilo.

"Kwa kilo?" Akawageukia wapakiaji wake. "Jamani, huyu mzee anadhani amebeba nyama!"

"Gari limezeeka, halitaki tena vitu vizito," mpakiaji mmoja akadakia.

"Gari au mwenyewe?" mwingine akauliza, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Mzee, shikamoo yako nimekupa," mnunuzi akasema. "Lakini malori yapo. Nikipiga simu moja yanakuja matatu."

"Piga," nikasema.

Akapiga. Lilikuja moja tu, lakini lilitosha. Nikarudi Sumbawanga tupu, nikisikia bodi nyuma yangu ikigonga kila shimo. Njiani nilisimamisha gari pembeni, nikalia. Tangu mazishi sikuwa nimelia. Nilipomaliza nikawasha gari, nikaendelea.

Baada ya siku chache simu ikaita. Namba yangu imeandikwa mlangoni mwa lori.

"Wewe ndiye dereva uliyekataa vichwa?" Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Ndiye mimi."

"Yale mahindi yaliyokuwa yanashonwa ni yangu. Nilikuwa nimesimama pale pale. Sasa sikiliza. Nimebakiza mengine, na jirani zangu wanayo. Tukishona tambarare, tukayaleta wenyewe ghalani mjini wanakopima, utatubebea?"

"Kwa kilo."

"Ndiyo, kwa kilo. Njoo. Ila usije na simu mbili."

Nikaazima mzani wa kuning'iniza, nikabeba saruji ya yule mzee, nikaenda. Tuliufunga mzani kwenye boriti ya banda la yule mama, kila mtu akausoma mshale kwa macho yake. Mahindi yao hayakujaza gari. Nikawaeleza kwamba lori nusu linakunywa karibu sawa na lililojaa, kwa hiyo nitalala pale mpaka lijae. Yule mama akazunguka nyumba kwa nyumba. Kesho yake yaliletwa mahindi mengine, maharage, na ulezi kwenye mifuko midogo, mpaka nikafunga turubai.

Alipanda nami kabini kwenda kusimamia mauzo. Alikuwa mtu wa kwanza kukaa kiti kile tangu mke wangu, na mwanzoni sikuweza kugeuza shingo upande wake. Tulipomaliza kilima kirefu akasema, "Mbona leo halilii? Siku ulipobeba vichwa tulikuwa tunalisikia toka shambani."

Kweli halikulia. Nilifika mjini na mafuta ambayo zamani yangekuwa yamekwisha njiani. Ghalani wale wakulima walilipwa mpaka kile kilichokuwa kikienda bure ndani ya vichwa, nami nikapata changu. Nilisimama nimeegemea bampa, nikajikuta natabasamu peke yangu.

Baada ya hapo sikutafuta tena mzigo. Vijiji vilipanga siku zao, wakanipigia wakiwa wameshakusanya. Naenda na saruji, mabati au mbolea, narudi na nafaka, tupu sirudi. Siku moja yule mnunuzi akanikuta sheli.

"Mzee wangu, Alhamisi gari liko wapi?"

"Limejaa."

"Ijumaa?"

"Limejaa."

Akakuna kichwa. "Basi nitashona tambarare."

"Jumamosi," nikamwambia.

Msimu ulipokwisha, shemeji alikuja na mama mkwe, na bwana mmoja aliyetaka kununua. Yule bwana akalizunguka lori, akainama, akagongagonga tairi.

"Haya mapya," akasema.

Shemeji akanigeukia. "Umekopa?"

"Hapana. Limejinunulia lenyewe."

Mama mkwe hakuliangalia lori. Aliniangalia mimi. "Linajilisha?"

"Linajilisha, mama. Na ada za wajukuu wako zimelipwa."

Shemeji akakohoa. Mama mkwe akamgeukia yule mgeni. "Baba, tumekusumbua bure. Ingia ndani unywe chai."

Asubuhi nikatoka na saruji. Nilipouacha mji nyuma, nikamwambia mke wangu kwa sauti kwamba halikuuzwa. Halafu nikapiga honi, ndefu, bila gari lolote mbele yangu, na watu waliokuwa shambani wakanipungia mikono.