Makofi Tuliyompigia Mzee wa Kinanda

Mwaka wa 2017 mzee mmoja kutoka Finland aliingia kwenye duka langu la ushonaji, mtaa wa Kensington, Johannesburg, ameshika koti la mahameli la zambarau. Alitaka nilipanue kiunoni. Nilifumua mshono nikaona hakuna akiba ya kitambaa, nikamwambia koti halijapungua, tumbo ndilo limeongezeka. Mimi sina mdomo wa asali. Akacheka. Koti hilo, alisema, alilivaa ujanani akipiga kinanda katika bendi ya roki kwao, bendi ya nyimbo ndefu kama mahubiri ya mchungaji wetu. Wimbo mmoja ulijaza upande mzima wa santuri. Sasa wenzake waliobaki walikuwa wanakutana tena kwa tamasha, nao walimtaka. Yeye alikuwa akiishi hapa Johannesburg kwa binti yake, na hakuwa amewajibu.

“Nikiwa peke yangu mikono inakumbuka,” aliniambia kwa Kiingereza chake cha polepole. “Mbele ya watu, sijui.”

Nikamwambia watu tunao. Kanisa letu la Wakongo lilikodi ukumbi Rosettenville, na ndani yake mlikuwa na kinanda kikubwa cha umeme kilichoachwa na waliotutangulia. Kwaya niliiongoza mimi. Aje Jumamosi tukifanya mazoezi, apige wimbo mmoja. Akiufikisha mwisho, awajibu wenzake ndiyo. Alikubali. Akanitumia kwenye simu rekodi yao ya zamani ili niuzoee wimbo. Sikuisikiliza. Mimi na muziki, nani wa kunifundisha?

Kanisani kwetu mtu akisimama kuimba peke yake akapoteza mdundo, hatumwachi aaibike. Kanisa zima humpigia makofi, kwa nguvu, mpaka arudi njiani. Mimi mwenyewe nimewahi kurudishwa hivyo, siku niliyoimba nikiwa na msiba, na sijausahau wema ule.

Jumamosi alikuja amevaa koti, nimeshalitia vipande ubavuni. Alianza vizuri mno. Sauti ya kinanda ilijaa ukumbini hata akina mama waliokuwa wakipanga viti wakakaa. Kisha, katikati ya wimbo, mdundo ukaanza kuchechemea. Kila tulipotegemea mguu ukanyage, haukukanyaga. Mpiga ngoma wetu, ambaye kikwetu huniita yaya, yaani dada mkubwa, na kila mzee humwita papa, akaniinamia.

“Yaya, papa ameisha kupotea. Tumusaidie.”

Kuuliza si ujinga, lakini kiongozi wa kwaya amuulize nani? Nikainua mikono. Tukapiga makofi sote, moja, mbili, tatu, nne, tukimtabasamia. Mzee akainua kichwa. Vidole vikajaribu kubaki pale vilipokuwa, vikateleza, vikafuata makofi yetu kidogo, kisha vikanyamaza. Mimi nikapaza sauti, “Vizuri, papa, umerudi!” Ukumbi ukashangilia. Yeye akafunika kinanda, akatushika mikono mmoja mmoja akishukuru.

Jumatatu, nikiwa kwenye cherehani, nikaifungua ile rekodi. Ilipofika katikati, mdundo ukachechemea. Pale pale. Na si kinanda tu: ngoma, gitaa, wote walichechemea pamoja, vijana wenye uhakika na wanachokifanya. Nikahesabu mapigo kwa mguu. Haikuwa nne, ilikuwa saba, tena ikajirudia saba, safi kama mshono wa mashine. Mzee hakuwa amepotea hata kidogo. Uso uliniwaka moto peke yangu dukani.

Nikafunga duka nikaenda kwao. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini nilisema yote: kwamba sikuisikiliza rekodi, kwamba sisi ndio tuliokosea, awajibu wenzake ndiyo. Akanimiminia kahawa.

“Mlikosea, ndiyo,” alisema. “Lakini zamani, mama, mngepiga makofi, mngepiga na mabati, mimi nisingetoka kwenye mdundo wangu.”

Nikasema pole, nikairudia mpaka ikaniudhi mwenyewe. Eish, pole inashona nini? Alinisindikiza hadi kwenye geti akaniuliza habari za watoto wangu, kwa upole ambao ulinizidishia aibu. Kwaya sikuiambia kitu. Walijua tumemsaidia mzee wa watu, na kila Jumapili mmoja aliniuliza kama papa yule mzungu hajambo.

Alikwenda kwao kwa tamasha. Mwaka uliofuata binti yake alinitumia video ya tamasha, na mpiga ngoma wetu, aliyeiona kwenye simu yangu, akaionyesha ukutani kwa projekta baada ya ibada. Jukwaani walikuwa wazee wenye mvi, na katikati yao mzee wetu na koti lake la zambarau.

“Papa wetu!” kwaya ikapiga vigelegele. “Muangalie koti ya yaya!”

Alipiga vizuri kuliko alivyopiga kwetu. Mimi nilikuwa nahesabu, nikijua panapokuja. Wimbo ulipofika pale, mwanamke aliyekaa nyuma yake na kinanda kingine akaishika sehemu ile, akaipiga yote, saba kwa saba, bila kuyumba. Mzee wetu alikuwa ameondoa mikono. Aliiweka magotini, juu ya pindo la koti nililolishona, akatazama chini akisubiri iishe.

Wenzangu walidhani anapumzika. Wakampigia makofi, moja, mbili, tatu, nne, na mikono yangu nikaificha ndani ya kitenge.