Namba ya Pampu ya Ziba

Iko siku moja ya kiangazi, mwanangu, ambayo sijaisahau mpaka leo. Pampu ya kisima cha kijiji chetu cha Ziba ilikuwa imeungua. Ng'ombe walikuwa wameanza kulala chini wakiswagwa, na zahanati ilitumia maji ya kuletwa kwa baiskeli. Kamati ya maji ikanituma Tabora kununua nyingine, mimi msichana pekee kwenye kamati, pamoja na baba yangu mdogo, Kulwa.

Huko mjini, mtaa wa Mtendeni, tuliingia kwa muuza pampu mmoja, mzee wa Kihindi aliyeitwa Jivan.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti. Mnatafuta nini?"

"Pampu ya kuzamisha kisimani, ya inchi nne."

"Namba yake?"

Hatukuijua. Baba mdogo akaonyesha iliyokuwa rafuni. "Ile pale. Ni pacha wake kabisa."

Mzee hakuishusha. "Inchi nne ni unene tu. Nileteeni namba iliyo ubavuni mwa ile iliyoungua."

"Babu, ng'ombe wanakufa!" nikasema.

"Ndiyo maana siuzi kwa kubahatisha, mama. Ukifika na pampu isiyopandisha maji, utawaambia nini?"

Baba mdogo alitaka twende duka la jirani, ambako waliuza bila maswali. Nikasita, halafu nikakataa. Alininunia njia nzima ndani ya basi. Tuliposhuka, kina mama waliokuwa wakisubiri na ndoo walitazama mikono yetu mitupu. Wakabeba ndoo zao tupu wakaondoka, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Nilichukua mchanga na kitambaa, nikasugua kibati kilicho ubavuni mwa pampu iliyoungua hadi maandishi yakajitokeza. Mwishoni kabisa, baada ya kistari, palikuwa na 25.

Kesho yake nilirudi Tabora na namba hiyo, na mzee Jivan akanieleza. Kwa pampu za kiwanda kilichotengeneza ile yetu, namba iliyotangulia kistari ilikuwa kiasi cha maji kwa saa. Iliyofuata ilikuwa idadi ya magurudumu madogo ya ndani yanayosukuma maji juu. Ile ya rafuni, ya kiwanda hicho hicho, iliishia na 12.

"Hii kwenu ingenguruma tu," akasema. "Maji yasingefika juu kutoka kina cha kisima chenu."

Akaniuzia ya 25, tukaifunga kisimani. Yalitoka maji ya udongo kwanza, kisha yakasafika. Baba mdogo akakinga kiganja, akanywa, akasogea pembeni kunipisha, bila kuniangalia.

Basi, mwanangu, ukitumwa kununua pampu au tangi, soma kibati chote, hata namba ndogo iliyojificha baada ya kistari. Usidhani viwanda vyote huandika kwa mpangilio mmoja. Muulize anayeijua bidhaa hiyo. Wenye kiu watakuharakisha. Wahurumie, lakini usinunue kwa kufananisha kwa macho.

Mungu aibariki mikono yako, na kila bomba utakalolifungua litoe maji.