Farasi Niliyemchagua kwa Macho Yangu

Naungama mwenyewe, kabla hamjasimuliwa na wengine. Jumamosi, mkwe wangu Otieno alinipeleka kwenye mbio za farasi hapa Houston, pamoja na wazee wa kanisa letu.

"Baba," akaninong'oneza, "watu wanasema namba tatu atashinda."

"Wanasema! Wewe umeona nini?"

Nikaenda kuwakagua farasi mwenyewe. Wote walirukaruka kwa papara, isipokuwa mweupe mmoja aliyetembea kando yao kwa utulivu wa mwalimu mkuu. Nikawatangazia wazee kwamba huyo ndiye atakayeshinda; nikikosea, wasinisikilize tena.

Kwenye dirisha la kuwekea dau, karani Mkenya alinisikiliza nikimtaja yule mweupe, akatabasamu. "Mzee, huyo hashindani. Kazi yake ni kuwasindikiza wenzake hadi mahali pa kuanzia."

Nikageuka. Wazee wote walikuwa kwenye foleni nyuma yangu, noti mikononi.

"Angalau, Baba," Otieno akasema, "huyo hajawahi kushindwa."