Mkimbiaji Asiyehema

Atakayesema nazeeka vibaya na aseme, lakini haya niliyaona kwa macho yangu, hapa Mamba, miaka ya tisini, magoti yangu yakiwa bado yanapanda mlima.

Binti yangu Skola alikuwa anajiandaa kwa mbio ndefu za milimani huko kaskazini, mbio za kutwa nzima. Kila alfajiri anapanda mlima wetu na kushuka. Mimi natangulia na kibuyu cha uji, namngoja kwenye chemchemi, katikati ya njia.

Sisi mlimani hatuitani majina. Tunapiga mluzi, basi. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito kama maziwa, naye akakawia. Hofu ikanishika, nikapaza sauti: "Skola!"

Nikaitikiwa kutoka juu: "Abee, mama!"

Juu? Mtoto nilimwacha nyumbani anafunga viatu!

Akashuka taratibu, kama mtu anayeelea. Uso wa Skola, sweta la Skola. Akanywa uji, akasema, "Mtamu, mama. Twende juu nikuonyeshe njia." Niamini, miguu yangu ilianza kumfuata yenyewe. Nilijisikia mwepesi, kama nimerudi usichana. Lakini nikamtazama vizuri. Mtu ametoka kukimbia mlimani, mbona hahemi? Paji lake kavu.

Mara mwingine akapanda kutoka chini, anahema kama mvukuto. Skola wa pili! Wakasimama mbele yangu, wote wananiita mama. Wewe ungemshika yupi? Ukikosea, wako anabaki mlimani.

Nikamsogezea kibuyu yule wa pili. Akaonja, akatema.

"Mama nawe! Sukari umeninyima tena? Utaniua kabla ya mbio!"

Nikamkamata mkono huyo mwenye mdomo. Yule mwingine alinitazama kwa huzuni, ukungu ukamfunika.

Skola alikwenda kwenye mbio zake, akamaliza. Wenzake wakamuuliza pacha wake kaenda wapi, maana njia nzima waliwaona wawili.

Sasa ameolewa Inyonga. Lakini asubuhi za ukungu mtu hubisha mlangoni kwangu: "Mama, ni mimi." Sauti ni ya mwanangu kabisa. Sifungui.

Nyie mnaofanya mazoezi milimani, majina ya watu yaacheni nyumbani. Mimi hata Skola mwenyewe akija kunisalimu na ukungu, namwacha nje na wanawe mpaka jua litoke. Ananuna. Na anune.