Kinga ya Ndoyi

Kwetu Kolwezi, kinga ni baiskeli. Najua kwamba katika Kiswahili cha vitabu neno hilo lina maana nyingine, ni kitu cha kumlinda mtu, lakini nani aliniambia hivyo nikiwa mtoto? Katekista wetu alitoka upande wa ziwa na Kiswahili chake kilichopigwa pasi. Kila Jumapili aliinua mikono na kuomba: "Bwana, uwe kinga yetu." Mimi na ndoyi wangu tuliitika amina kwa sauti kuliko kanisa zima. Tuliona ni ombi la maana kabisa, ingawa hatukuelewa Bwana angeotaje magurudumu.

Ndoyi ni mtu mnayeshirikiana naye jina. Sisi tulibatizwa jina moja, tukakulia kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi, nyumba zikitazamana. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Wangu alitoka kaskazini mwa Katanga. Tofauti hiyo tuliijua kwa mboga tu: majani ya muhogo kwao yaliitwa matamba, kwetu sombe, na sahani ilikuwa moja.

Baba yake alikuwa na kinga nyeusi, aliyoipaka mafuta kuliko alivyowapaka watoto wake. Sisi wasichana hatukuruhusiwa kuigusa. Mama zetu walisema msichana anayepanda kinga haolewi. Tukaapa, mimi na ndoyi, kwamba tutajifunza hata tukikosa waume.

Hatukukosa waume. Tuliolewa, watoto wakaja, na ndoto yetu ikashikwa na ugonjwa uliokuwa umeenea kambini, jina lake "kisha posho." Posho ni chakula ambacho kompani iligawia wafanyakazi wake: unga, mafuta, samaki wakavu. Jambo lolote lililomshinda mtu lilisogezwa hadi baada ya posho. Paa litatengenezwa kisha posho. Mgonjwa ataonwa kisha posho. Na ndoyi, kila nilipomkumbusha kinga, alinijibu vilevile, nami nilikubali haraka mno. Posho ilikuja, tukapika, tukashiba, tukalala.

Basi kompani ikaanguka. Mashine zilinyamaza, mishahara ikakauka, na posho ikawa hadithi ya kuwasimulia watoto wenye njaa. Asubuhi moja ndoyi alikuja uani kwangu akiisukuma kinga ya marehemu baba yake, kutu imeanza kuila.

"Ndoyi," akasema, "posho iliisha. Sasa tutasema kisha nini?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mabinti zetu walikuwa wakikaribia kuolewa, na sisi tulikuwa na viuno vya kuzibia mlango. Tulipanga kuanza Jumapili. Lakini kabla ya Jumapili hiyo kufika, yale maneno ya redioni na ya mikutanoni, kwamba watu wa Kasai warudi kwao, yaliingia mtaani kwetu. Kwao wapi? Ndoyi alizaliwa hospitali ya kambi yetu. Kasai hakuijua hata kwa picha. Vijana walipita nyumba kwa nyumba, na nyumba yake ikapata wenyewe wapya huku sufuria yake bado iko motoni. Hasira ile ninayo hadi leo, na sitaki mtu anishauri niiache.

Yeye, mume wake na watoto walienda kulala stesheni, pamoja na umati wa wenzao, kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Kinga ilibaki kwangu. Mimi niliwapelekea bukari, ugali wa kwetu, kila siku, na kila siku nililia kabla ya kufunua sahani. Mwishowe ndoyi alichoka.

"We unaniletea bukari na machozi. Kesho leta kinga."

"Ya kufanya nini?"

"Mi niko na kazi gani hapa? Nitakufundisha."

"We mwenyewe haujui."

"Na ule mwalimu wetu wa kushona, alijuaka kushona?"

Akanishika mkono. "Nyumba balikamata, sawa. Lakini hii tuliapa. Kinga haitaingia mu treni, basi jifunze we. Mi sitaki kwenda kabla sijakuona unaenda peke yako."

Tukaanza, kwenye njia ya vumbi kando ya reli. Yeye alishika kiti na kukimbia nyuma yangu, akipiga kelele: "Usiniangalie mi! Angalia mbele!" Mimi niligeuka kumtazama kila mara, kwa sababu yeye ndiye niliyemwamini, na kinga huenda yaliko macho. Niliingia kwenye kuni za watu. Niliingia kwenye nguo zilizoanikwa, nikatoka nimevaa suruali ya mtu shingoni. Watu waliofukuzwa makwao wakacheka mpaka wakashikana. Tata mmoja, baba mzee ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, aliinuka kwenye mkeka kuja kunikosoa miguu. Stesheni nzima ikawa na walimu, na kati yao hakuna aliyenionea huruma.

Treni ilikuja bila kuarifu wala kubisha hodi. Nilikuwa bado njiani, nasukuma kinga, bukari imefungwa nyuma, niliposikia honi. Nilipofika, ndoyi alikuwa amebanwa mlangoni mwa behewa, mtoto mmoja begani, na magurudumu yameanza kuzunguka polepole kwa uzito wa watu. Umati ulinizuia kumfikia. Nikakunja kitenge hadi magotini mbele ya wanaume wote wa Kolwezi, nikapanda.

Niliyumba, kisha nikaenda. Nilienda kweli, peke yangu, sambamba na behewa lake. Nikageuza uso kumtafuta, na kinga nayo ikageuka kuelekea relini.

"Ndoyi! Usiniangalie mi! Angalia mbele!"

Nikatii. Nilikanyaga, macho mbele, nikisikia behewa zima linanishangilia, na sauti yake juu ya zote. Kama alikuwa anacheka au analia sikuweza kujua. Ndipo nikakumbuka kwamba tulijifunza kwenda tu, kusimama hatukujifunza. Majani marefu yalinisimamisha. Nilipoinuka, behewa la mwisho lilikuwa linaingia konani.

Jumapili nilienda kanisani juu ya kinga, nikaiegemeza ukutani. Katekista, sasa ameshazeeka, aliwaombea waliosafiri: "Bwana, uwe kinga yao." Watoto wa benchi la nyuma wakaitika kwa sauti kama sisi zamani. Nilifungua mdomo niseme amina, ikakataa kutoka. Kinga yao ilikuwa nje, na niliyebaki nayo ni mimi.