Sili cha Mkono Wako

Nilimpiga mwanangu kofi la uso kwa sababu ya sahani ya mbaazi. Ni binti wa miaka mitano. Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwetu Ganda, nimemwekea wali na mbaazi za nazi, chakula anachokipenda. Akaisukuma sahani kwa ncha za vidole, akabinua mdomo, akaniambia, "Sili cha mkono wako."

Maneno hayo nilikuwa nayajua. Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, aliniambia hayo hayo siku ya kwanza nilipopika kwake Vitengeni, na hakuacha kuyasema mpaka alipokufa. Vidole vile vile, mdomo ule ule. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nisidanganye: wakati ule sikumpiga mwanangu. Nilimpiga marehemu, kofi nililomwekea miaka yote ile. Lakini shavu lililovimba lilikuwa la mtoto, na aliyekuwa akilia ni mtoto, tena alilia akiniita mama.

Nilipomtuliza nikamuuliza nani amemfundisha. Akasema shangazi. Shangazi amemwambia kwamba yeye ni hawe, yaani nyanya, amerudi, na hawe hali chakula cha mwanamke yule. Mwanamke yule ni mimi.

Mume wangu aliporudi, akaona shavu. Ni mtu mpole, fundi wa kuezeka makuti, sijamsikia akipaza sauti. Alilishika lile shavu akalitazama muda mrefu. Kisha akaniambia, "Umempiga mama."

Hakusema umempiga mtoto. Hapo ndipo nilipojua kwamba nyumba hii mimi sina mume wala sina mwana. Nina mavyaa tu, na amezeeka kurudi nyuma.

Mavyaa alinichukia tangu nilipovuka kizingiti chake. Alikuwa ameshamchagulia mwanawe msichana wa jirani, mwenye nyonga pana na asiyesema sana. Mimi nikaja na cheti cha kidato cha nne na kiuno chembamba. Alikitazama kiuno, akawaambia wenzake nikisikia kwamba hapa hapatoki mtu. Miaka mitatu aliniita gogo. Nilipopata mimba akasema tungoje tuone itafanana na nani. Alipougua nilimpelekea uji kitandani, na hata siku ya mwisho alifunga mdomo mpaka kijiko kikagonga meno. Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Tulimzika, nikashukuru Mungu, na sioni aibu kusema.

Kwa watu wa mume wangu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba. Nilikataa. Nilimwambia mume wangu jina lile halitaingia kinywani mwangu kila siku asubuhi kumwita mtoto niliyemzaa kwa uchungu. Akakubali kwa shingo upande. Tukapanga kumpa jina la mama yangu.

Mtoto alipokuwa na siku nane akaanza kulia. Alilia tangu asubuhi mpaka alasiri, ziwa anatema, maji anatema. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akaja na maneno yake. Alisema mtoto analia kwa sababu hajatambuliwa. Dawa yake inajulikana: mtu huchuchumaa mbele ya mtoto akayataja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, na jina ambalo mtoto atanyamaza, basi huyo ndiye aliyekuja.

Akaanza. Akataja bibi zake, akataja shangazi zake, mtoto analia tu. Mimi maziwa yalikuwa yakinitoka yameloanisha leso, nimechoka kuingoja orodha iishe. Nikamtia ziwa mdomoni tena, na safari hii akalishika. Wakati ule ule wifi akalitaja jina la mama yake.

Kimya. Wifi hakuona ziwa, maana nilikuwa nimejifunika. Mume wangu akapiga magoti. Hakulia mazikoni, hata chozi moja, lakini siku ile alilia kama mtoto, akawa anaomba msamaha kwamba hakuwahi kumpeleka mama hospitali kubwa. Nikamtazama nikakosa moyo wa kusema. Ningesema neno moja tu, nanyonyesha, na yote yangeishia pale. Nikanyamaza. Jina likakaa.

Hapa Ganda mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Kwa hiyo nikienda dukani watu huniamkia mama wa mavyaa wangu. Marehemu angesikia, angekufa tena.

Mwanzoni yalikuwa mambo ya kucheka. Mume wangu alikuwa akiamka anamwambia, "Shikamoo mama," na yule mdogo, hajui hata kutembea vizuri, anajibu marahaba. Nami nilicheka. Kisha wifi akaanza kumchukua likizo kwenda Vitengeni. Akamkalisha kwenye kigoda cha marehemu. Akampa kisanduku cha ugoro anuse, mtoto akapiga chafya, wakasema mnaona, anaukumbuka. Watu wazima wakamwomba baraka kabla ya kupanda mahindi. Kila akirudi alikuwa na neno jipya. Mara moja aliingia mlangoni, akanitazama, akasema, "Wewe bado uko hapa?" Nilijiambia ni utundu.

Baada ya lile kofi wifi aliitisha kikao Vitengeni siku ya Jumamosi. Nilishtakiwa kumpiga mzee. Tulikuwa wanne uani: wifi, mume wangu, baba mkwe na mimi. Mtoto alikuwa ndani, tumemleta wenyewe. Wifi alitaka mtoto abaki pale, kwa sababu ile ni nyumba yake na ameteseka vya kutosha kwa watu wasiomjua.

Niliwauliza, kama huyu ni mama yenu, mimi nilizaa nani?

"Ulizaa mwili," wifi akasema. "Roho ilikuwepo kabla yako, wifi. Wewe ulikuwa njia. Njia haiulizwi."

Nikamwambia ndugu yao wa Mnarani ana binti mwenye jina lile lile, na yule alizaliwa marehemu akiwa hai, akila na akitukana. Je, marehemu alikuwa na roho mbili? Akasema yule alipewa jina tu, huyu alijileta. Nikauliza mbona hakumbuki alikoficha funguo za sanduku lake, ambazo wanazitafuta mpaka leo. Akasema roho haibebi funguo. Nikasema lakini inabeba mbaazi, inakumbuka nani hali chakula cha nani. Baba mkwe akakohoa kuficha kicheko. Yeye ni mzee wa kanisa, na Jumapili husema roho inakwenda kwa Mungu moja kwa moja. Nilimgeukia nikamuuliza mbele yao roho ya mkewe iko wapi. Akasema iko kwa Mungu. Kisha akamtazama binti yake, akasema lakini mambo ya koma, mizimu ya kwetu, hayo ni mengine.

Basi nikaitoa ile siri niliyoificha miaka mitano. Nilisema nikimtazama mume wangu machoni, na nilitaka imuume. Nilimwambia, "Mama yako hakurudi. Mtoto alinyamaza kwa sababu nilimtia ziwa mdomoni. Ulilipigia magoti ziwa langu."

Uso wake ukawa kama ukuta uliomwagiwa maji. Nilifurahi, kisha nikaona vibaya, lakini kufurahi kulitangulia.

Wifi hakutikisika hata kidogo. Alijifunga leso vizuri, akaniuliza kwa upole, "Na nani alikusukuma ulitoe wakati ule ule, wala si kabla wala si baada? Ni yeye. Alikutumia wewe uliyemchukia. Ndivyo alivyokuwa, mama yangu."

Nilijifunza shuleni kwamba hoja isiyoweza kushindwa kwa lolote si hoja, lakini ya wifi ilikuwa imeshashinda. Niliinuka kwenda kumchukua mtoto. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa kufuli, ufunguo uko kwenye pindo la leso ya wifi. Mume wangu akasema bila kuniangalia tumwache wiki moja, atulie. Nikamsikia mtoto ndani anaimba wimbo wa shule wa kuhesabu. Nilirudi Ganda mgongo mtupu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Malindi, ofisi ya mambo ya watoto. Karani aliniuliza namlalamikia nani, wifi au marehemu. Wenzake wakacheka. Nikaomba karatasi. Alipoisoma akanishauri nikate mistari ya kofi kwa sababu itaniumiza. Sikuikata. Niliandika hivi:

Mimi ni mama mzazi wa mtoto aliyetajwa. Ana umri wa miaka mitano na anasoma chekechea. Nalalamika kwamba shangazi yake amemfungia Vitengeni bila idhini yangu, na kwamba amemfundisha kuwa yeye ni marehemu nyanya yake, hata akakataa chakula cha mama yake. Baba yake anajua na ameruhusu. Mtoto huyu hajawahi kufa. Hana deni la chuki na mtu yeyote.

Mimi pia nimemkosea. Nilimpiga kofi usoni nikidhani ni mtu mwingine, kwa hiyo siku ile hata mimi niliamini wanayoyasema. Naomba hilo liandikwe.

Naomba arudishwe nyumbani. Kabla ya hapo, naomba ofisa amuulize mwenyewe yeye ni nani, shangazi asiwepo, baba asiwepo, na mimi nisiwepo, na jibu lake liandikwe kama atakavyolisema.

Nimetia sahihi kwa jina langu mwenyewe. Hilo la kuitwa mama wa fulani msiliandike.